Mama Ambaye Hakuhojiwa

Kompyuta ilianza kunuka maziwa yaliyochacha. Mdogo mtu akapangusa vitufe, akanusa tena, akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Yeye na dada yake walipanga chumba kimoja karibu na chuo, wote wakisomea shahada ya pili ya ukunga chini ya msimamizi mmoja. Dada alikuwa amewahoji akina mama waliofiwa na vichanga, akawaapia kwamba siri zao hazitatoka mikononi mwake. Msimamizi alipoisoma sura yake, alimsifu mbele ya darasa zima. Ya mdogo mtu aliirudisha kimya. Tangu hapo, dada akicheka, mwenzake roho inamuuma. Dada akilala usingizi mtamu, roho inamuuma vilevile.

Basi dada alipokwenda kuoga, mdogo mtu alinakili mahojiano yote, majina na namba za simu zikiwemo, akayamwaga kwenye programu ya akili mnemba. Akaandika: "Nitolee mama wa kwangu kutoka kwa hawa. Awapite wote kwa uchungu."

Programu ikamtolea mama anayekaa kwenye korido ya zahanati, kifua kimejaa maziwa, akimuuliza kila apitaye: mtoto gani huyo analia? Hapo ndipo harufu ilipoanza.

Msimamizi aliisoma sura mpya yenye mama huyo, akavua miwani. "Huyu mama yupo kweli?"

"Yupo, Mwalimu."

"Hukutumia zile programu? Sikatazi. Ila mtu aseme ametumia, ahakiki alichopewa, na siri za watu zisiingie humo."

"Sijatumia. Mama yupo."

Mchana huohuo dada alikuwa akimenya viazi, akimpongeza kwa furaha ya kweli, na furaha hiyo ikamchoma mdogo mtu kuliko matusi. Mlango ukagongwa. Alipoufungua aliona mwanamke aliyelowa kifuani, amekumbatia furushi la kitambaa, na ndani ya furushi mlikuwa na kilio cha kichanga, kilio kinachopanda na kushuka bila kuvuta pumzi, ingawa kitambaa kilipofunuka hamkuwa na kitu, na yule mwanamke akapita ndani bila nyayo zake kusikika, akaenda kusimama nyuma ya dada, akamwinamia shingoni kama anayemnusa.

"Nani kaja na mtoto?" dada aliuliza. Hakumwona mtu.

"Umesema nipo," mwanamke alimnong'oneza mdogo mtu. "Wale wa dada yako kila mmoja ana mtoto wa kumlilia. Mimi umenipa maziwa, hukunipa mtoto. Kwa nini wao tu?"

Mdogo mtu akarudi nyuma mpaka mlangoni. Lile "kwa nini" lilikuwa lake mwenyewe, sauti yake hasa.

Alikimbilia kwa shangazi yao, mtu wa kutoa majini. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia nani kwamba yupo?"

"Msimamizi."

"Kamwambie hayupo. Dua nitasoma mimi, lakini ulimi ni wako. Na dada yako awepo."

Mdogo mtu alipoingia na dada ofisini kwa msimamizi, mwanamke alikuwa amewatangulia, amesimama nyuma ya kiti cha msimamizi, na kilio kikazidi kadiri mdogo mtu alivyofungua kinywa, kikamjaa masikioni hata hakujisikia mwenyewe akisema, "Mwalimu, hayupo. Nilimtunga kwa programu. Na mahojiano ya dada niliyatia humo, kwa wivu tu, dada, kwa wivu."

Kilio kikakatika ghafla, kama mtu kazibwa mdomo. Nyuma ya kiti hapakuwa na mtu.

Dada hakupandisha sauti. "Na majina yao?"

"Na namba zao."

Msimamizi alimsimamisha mdogo mtu masomo mwaka mzima. Kisha akamsogezea dada simu: kila mama apigiwe, aambiwe ukweli, aombwe radhi.

Mama wa kwanza alipokea kwa uchangamfu. "Usijisumbue, mwanangu, mwenzio ameshafika."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Huyu anayetuhoji kama wewe. Anajua kila nilichokusimulia, mpaka jina la marehemu mwanangu. Maskini, kifua kimemlowa, kumbe naye ananyonyesha. Kaomba ambebe huyu wangu mchanga, niliyemzaa baada ya yule, nikampa nipokee simu." Akacheka kidogo, kisha sauti yake ikawa mbali na simu. "We mama? Mbona hapa sebuleni hamna mtu? Mwanangu yuko wapi?"