Mtihani wa Fundi Muwaffaq

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi, katika ukumbi wa chuo cha jioni jijini Amman, watu wamebanana bega kwa bega. Muwaffaq, fundi magari wa miaka arobaini na minne, alikuwa na ovaroli iliyoloa grisi. Mbele yake alisimama Rudayna, muuguzi, sare yake ya kijani imekunjamana, mtandio mweusi umemlegea kichwani, anasinzia wima.

"Sista, foleni inasogea."

"Isogee tu, nitaikuta," alijibu bila kufumbua macho.

Muwaffaq akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Yeye alisomea magari ya umeme, maana ya petroli yalizidi kuadimika gerejini kwake. Rudayna, baada ya miaka kumi na tano wodini, alisomea mashine ya kuwapima wajawazito. Ikawa kila baada ya kipindi wanakunywa chai ya mnanaa kibandani, wanaulizana maswali ya daftarini na kutaniana. Asubuhi Muwaffaq alimpigia simu kumwamsha. Mvua za baridi zilipoanza, "sista" alikwishakuwa "habibti", mpenzi wangu.

Kisha matokeo yakatoka. Rudayna alifaulu. Muwaffaq alifeli, na tangu siku hiyo hakupokea simu. Siku tisa. Rudayna akaamini kwamba dada zake Muwaffaq wamemtafutia binti mdogo wa kuoa. Siku ya kumi alitoka zamu akaenda moja kwa moja gerejini, akamkuta ameinamia injini kuukuu.

"Kama umeoa, niambie nikalale."

"Nimuoe nani? Nimefeli, Rudayna. Miaka ishirini na tano nalijua gari kwa kulisikiliza. Haya mapya hayana sauti. Nikaona aibu."

Rudayna aliketi juu ya tairi, akavua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Mimi nilifeli mara mbili kabla hujanijua."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unanitania tu."

Muwaffaq alifuta mikono kwa tambara, akaifuta tena, kisha akasema kwamba kuna mtihani wa marudio mwezi ujao, na akifaulu atakwenda kwao Rudayna kuposa.

"Na ukifeli tena? Nimechoka kusubiri vyeti, habibi. Njoo Ijumaa."

Ijumaa alikwenda na dada yake mkubwa, shati limenyooshwa kwa pasi, kucha bado nyeusi. Kahawa ikawekwa mbele yake, naye, kama ilivyo ada ya mposaji, hakuigusa kabla ya kupewa jibu. Kaka yake Rudayna alimuuliza anafanya kazi gani.

Dada yake Muwaffaq akamkanyaga mguu chini ya meza, asitaje kufeli. Muwaffaq hakumsikiliza.

"Fundi magari. Ya umeme nimefeli mtihani. Narudia mwezi ujao."

Kaka alimgeukia Rudayna, aliyesimama mlangoni na sinia. Rudayna hakuinamisha macho.

"Kunywa kahawa yako, fundi," kaka akasema. "Inapoa."