Mzigo Uliokula Petroli ya Dapaah

Kila Jumanne Dapaah, dereva wa teksi mjini Kumasi, alimpeleka mama mkwe wake, Nana Birago, hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Teksi yake ilijulikana kwa muziki. Ilikuwa na spika nne, amplifaya, feni mbili na taa za rangi kila pembe.

Jumanne moja petroli iliwaishia njiani wakirudi. Bibi akateremka, akashika fimbo, akaanza kuchechemea juani.

"Mama, subiri kidogo nitafute mafuta!"

"Wiki iliyopita pia nilisubiri," alijibu bila kugeuka.

Dapaah alitamani ardhi immeze. Kesho yake alikwenda Suame, mtaa wa magereji, kwa Pokuaa, fundi umeme wa magari.

"Dada, injini inabugia mafuta. Nadhani imezeeka."

Pokuaa akacheka. "Umeitwisha disko zima! Hebu washa kila kitu."

Muziki, feni na taa vilipowaka, mngurumo wa injini ulishuka, ukawa mzito.

"Sasa zima."

Injini ikawa nyepesi, kama mtu aliyetua gunia.

"Kumbe!" Dapaah alikodoa macho. "Lakini umeme si unatoka kwenye betri?"

"Na betri inajazwa na nini? Na altaneta, hii hapa. Mkanda huu unaizungusha, na mkanda unazungushwa na injini. Ukiwasha kitu, injini ndiyo inayobeba, na chakula chake ni petroli."

Akapima betri. Ilikuwa mbovu, haishiki chaji, kwa hiyo altaneta haikupata kupumzika.

"Weka betri nzima. Ng'oa amplifaya. Feni washa panapohitajika tu."

"Na taa za mbele usiku, nizime?"

"Unataka kufa? Taa za mbele, za breki na wipa usiziguse. Halafu usidhani gari litakwenda kwa upepo. Utaokoa kidogo, lakini kila siku."

Dapaah aliuza amplifaya na spika, akanunua betri mpya. Vijana wakamtania, "Vipi, teksi imefiwa?" Akavumilia. Baada ya siku chache aliona petroli ya asubuhi inamfikisha mbali zaidi.

Jumanne ilipofika, Nana Birago alisinzia njia nzima wakirudi. Mlangoni kwake akafumbua macho.

"Tumefika? Na gari bado linanguruma?"

"Linanguruma, Mama."

"Basi lizime, uingie ndani. Fufu ya mchana inapoa mezani."