Kumi na Mmoja Wasio na Faili

Redio ilikoroma mara mbili.

"Ng'ombe kumi na moja wametoka zizini. Wanashuka ziwani."

"Miye naona vumbi yao," akajibu Apollinarie, akakanyaga mafuta.

Land Rover ikaruka. Mbele yake, kwenye barabara ya bonde la Ruzizi, lori la kijani lilikimbilia Kalundu, bandari ya Uvira. Ilikuwa saa nne asubuhi. Huko boti ilikuwa imeshawashwa injini, ikilingojea.

Katika gereza dogo karibu na Luvungi, Apollinarie alijulikana kama dactylo, mpiga chapa aliyetangulizwa na tume ya Bunge. Thaddée, mkuu wake aliyekuwa redioni Uvira, alimjua kama jasusi wa serikali asiyerudi mikono mitupu. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Wabunge walikuwa wamefika kutoka mji mkuu, Léopoldville, na maswali matatu. Kila mfungwa ana faili? Ana avoka, wakili wa kumtetea? Amemwona jaji lini?

Ndani ya lori walikuwamo watu kumi na mmoja wasio na jibu hata moja. Delcourt, mzungu aliyejiita mshauri wa gereza, alitaka kuwavusha ziwa kabla ya saa sita, tume isiwaone, awatie katika jeshi lake la siri la kuipindua serikali.

Nani angewatafuta? Hawakuandikwa popote.

Apollinarie alichomoa bastola yake, Browning. Akalenga tairi la nyuma.

Akaishusha.

Wale watu walifungwa mnyororo mmoja. Lori likipinduka, wote kwisha.

"Piga!" Thaddée alifoka.

"Hapana, chef. Napita mu pamba."

Akakata usukani. Land Rover ikazama katika mashamba ya Mutarule, mashina ya pamba yakichapa vioo. Akaibuka mbele ya lori, penye daraja la mbao. Akaliziba kwa gari, akaruka chini.

Breki zikalia.

Delcourt alishuka na bastola. Juu ya lori, katikati ya wafungwa, alisimama mlinzi wao Sévère, bunduki ya Mauser mkononi.

"Sévère! Piga huyu mwanamuke!"

Apollinarie alimgeukia Sévère. Alitoa karatasi ya kaboni aliyoiokota kwenye kapu la taka la ofisi ya gereza, akaiinua juani.

"Kaka Sévère, hii ni liste ya boti. Bafungwa iko kumi na moja. Majina iko kumi na mbili."

Sévère aliikazia macho karatasi. "Ya kumi na mbili ni ya nani?"

"Ni yako. Ukishawavusha, weye pia hautarudi."

"Uongo!" Delcourt akafyatua risasi.

Hakupiga kifua. Alipiga karatasi, ikararuka vidoleni mwa Apollinarie.

Asiyeogopa karatasi haipotezei risasi. Sévère aliliona hilo, na uso wake ukabadilika.

"Tupa hiyo kitu chini, patron," alisema polepole, mtutu wa Mauser ukimgeukia bwana wake.

Delcourt akageuka na bastola kumlenga.

Browning ya Apollinarie ililia mara moja. Bastola ikaanguka vumbini, na Delcourt akapiga magoti, ameushika mkono unaovuja damu.

"Mufunge," Apollinarie akasema. "Bale wengine, bafungue mnyororo."

Saa tano na nusu lori liliingia Uvira, Delcourt akiwa amefungwa ndani yake. Wabunge walikuwa wameketi barazani, madaftari wazi. Wa kwanza kushuka alikuwa mzee Rénovat, mkulima wa Bijombo, akichechemea.

"Papa, avoka wako ni nani?" mbunge mmoja akauliza.

Mzee aligeuka kuwatazama wenzake.

"Avoka ni muntu gani, Honorable? Balinifunga siku ya fête ya uhuru. Toka siku ile, weye ndiye wa kwanza kuniuliza kitu."

Kalamu zikaanza kukimbia.

Mbunge alimwita Apollinarie, ambaye tayari alikuwa akishuka ngazi.

"Mama! Na weye, jina yako tuandike?"

"Andikeni yao kwanza."

Akafuta vumbi kwenye miwani yake ya dactylo, akaivaa, akaelekea sokoni kwa miguu, bila haraka.