Mashavu ya Bibi-arusi

Céline alikutwa amekufa asubuhi, ndani ya chumba cha maombi nyuma ya kanisa, amelala ubavu kwenye mkeka. Kando yake palikuwa na matapishi na kikombe cha maziwa. Harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Inspekta Emérita alipofika kutoka Sake, kilima kizima kilikuwa kimekwisha kukata kesi. Wanaume wenye fimbo walizunguka lango la Mama Nyiramana, mfugaji, mama yake Narcisse aliyekuwa amuoe Céline.

"Karuho!" walipiga kelele. "Amemuwekea ile sumu mu maziwa!"

Emérita alimvuta mama huyo pembeni.

"Njo weye ulimupelekea maziwa?"

"Njo miye. Kila magharibi. Alikuwa nafunga mbele ya ndoa, anakunywa maziwa tu jua ikizama."

"Ulipenda hii ndoa?"

"Sikuipenda. Nilitaka Narcisse aoe kwa wenye ngombe. Lakini kukosa kupenda haiko kuua, mama polisi. Na sisi tulikunywa kibuyu ileile."

Emérita hakumwamini, wala hakumkatalia. Alimpandisha kwenye gari, kwa kuwa fimbo zilikuwa zinakaribia.

Kisha akaenda kwa maiti. Mama Estelle, shangazi aliyemlea Céline tangu alipobaki yatima, alikuwa amekaa kichwani pake. Inspekta alifunua shuka. Uso wa marehemu ulikuwa umejaa, mashavu yamepandia macho. Lakini mikono ilikuwa myembamba kama ya mgonjwa. Tumboni palikuwa na michirizi ya rangi ya zambarau, kama vile ngozi ilivutwa kwa haraka.

"Alishazaa?"

"Ashindwe! Mutoto safi kabisa."

"Alinenepa tangu lini?"

"Tangu aposwe. Furaha inanenepesha muntu."

"Furaha inajaza uso na kusahau mikono?"

Mama Estelle alivuta shuka, akamfunika mtoto wake hadi kidevuni.

Uchunguzi wa maiti ulifanywa na Daktari Théophile. Matokeo yalipotoka alimwita inspekta na kufunga mlango.

"Kikombe hakina sumu. Tumbo halina sumu. Lakini tezi mbili zinazokaa juu ya figo zimenywea, zimekuwa kama ngozi ya maharagi."

"Nielezee kama unaelezea mama sokoni, docteur."

"Sawa. Hizo tezi zinatengeneza homoni inayoshikilia nguvu, sukari na presha. Ubongo njo unazituma kazi. Sasa, kuna vidonge vinaigiza ile homoni. Sisi tunavipa wagonjwa kwa kipimo. Muntu muzima akivimeza kila siku, ubongo unaamuru: kula, ongeza, kula. Njaa haiishi. Mafuta yanakaa usoni na tumboni, nyama ya mikono inayeyuka."

"Na tezi?"

"Ubongo unaona homoni imejaa, unaacha kuzituma. Zinalala."

"Na mumezaji akiacha siku moja, ghafula?"

"Zinaendelea kulala. Mwili unabaki bila kitu. Kama tena anafunga, anaanguka."

Emérita alisimama. "Sisi wote tunatafuta kile alichokunywa."

"Tafuta kile alichoacha kupewa."

Nani alikuwa anampikia Céline kabla hajaingia kufunga? Jibu lilikuwa moja tu.

Nyumbani kwa Mama Estelle, binti yake Gentille alikuwa mlangoni akichambua maharagi. Alisimama kumsalimu mgeni, akashika ukuta. Mashavu yake yalikuwa mviringo, yanang'aa.

"Uko naumwa, mwanangu?"

"Kichwa inazunguka, mama. Na chakula inanishinda, miye nilikuwa namaliza sufuria."

Emérita aliingia ndani. Mama Estelle alikuwa anakoroga sombe ya majani ya muhogo.

"Vidonge viko wapi?"

"Vidonge gani? Shikeni ule mama wa maziwa!"

"Nani alisema kwanza kwamba ni maziwa?"

"Bantu bote."

"Kwanza, Mama Estelle."

Mwiko ulizidi kuzunguka.

Inspekta hakupaza sauti. "Basi nikuambie jambo moja. Anayekatiwa vile vidonge anaanza na kizunguzungu. Halafu chakula kinamushinda. Halafu anatapika, analala kama Céline. Kama kuna mwingine alikuwa anavimeza, muda wake ni mudogo."

Mwiko ulianguka.

"Gentille! Mama yangu, Gentille! Nilivitupa vyote mu choo, siku ileile Céline alikufa! Nilisema namuokoa!"

"Guy, washa gari!" Emérita alimwita dereva, akamshika binti kwapani.

Njiani, kichwa cha Gentille kikiwa mapajani pake, Mama Estelle alisema yote bila kuulizwa.

"Shangazi za Narcisse walikuja kumuona Céline. Nilikuwa jikoni, nikasikia banacheka: 'Huyu tutamutuma maji, ao upepo utamubeba?' Iliniuma. Sokoni, muuza dawa akaniambia hivi vinaleta mashavu. Nikavisaga mu buyi, uji yake ya kila siku."

"Céline alijua?"

"Hakujua. Alisema tu, 'Shangazi, buyi yako iko tamu, siku hizi sishibi.' Alipoingia kufunga, buyi ikakatika. Nilijua nini miye?"

"Na Gentille?"

"Nilimuona Céline amependeza. Nikasema na wangu wasimucheke."

"Lakini ulijua maziwa haina sumu."

Mama Estelle aliinamisha kichwa. "Niliogopa ni vidonge vilimuua. Nikataja maziwa."

Emérita alipiga simu kituoni, Mama Nyiramana aachiliwe na asindikizwe hadi kwake.

Hospitalini daktari alimchoma Gentille sindano.

"Munamupa nini?" Mama Estelle aliuliza.

"Dawa ya ukoo uleule, mama. Tutaipunguza polepole, hadi tezi ziamke."

"Zitaamka?"

"Tunangojea."

Walimruhusu Mama Estelle akae kando ya kitanda, pingu mikononi, askari mlangoni. Jua lilipopanda Gentille alifumbua macho.

"Mama, niko na njaa."

Muuguzi alicheka kwa furaha. Mama Estelle hakucheka. Alimtazama mtoto wake mashavuni, na hakujua tena kama njaa hiyo ni ya Gentille, au ni ya dawa ileile.