Namba Saba Iliyojifunza Kuitika

Mkitaka kusikia uongo, nendeni kwa wengine. Hili nililiona kwa macho yangu mawili, tena nikiwa nimesimama mbele ya wote, maana mimi woga ulinikimbia tangu tumboni mwa mama. Nilikuwa mpakiaji katika kiwanda cha sabuni kilichochemsha mafuta ya machinjioni, na siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote: harufu, chai, harufu.

Fundi umeme wa pale tulimwita Kibiriti, kwa hasira zake za karibu. Alikuwa hodari, ila mvivu wa kumalizia. Kila tangi la mafuta lilikuwa na kisanduku chake cha kuongoza joto, kidogo kama tofali, na vyote viliungwa kwa waya mmoja hadi kwenye kile kikubwa kilichokaa ofisini. Adabu ya visanduku hivyo ilizidi yetu. Kikubwa huita kwa namba, kama mwalimu anayeita mahudhurio, aliyeitwa hutaja joto lake, wengine kimya. Hakuna kudakia.

Tangi la saba lilipopasuka, Kibiriti aling'oa kisanduku chake, akaacha ncha ya waya ikining'inia humo ndani. Kuifuta namba saba kwenye orodha ya kuitwa aliona ni kazi ya kesho. Kesho haikufika. Alizima tu kengele iliyokuwa ikilalamika. Basi kikubwa kikawa kinaita saba, kinakosa jibu, kinaendelea, mchana na usiku, miezi. Mama mkwe wake alipata kumwambia kwamba ukiliita shimo kila siku, shimo litajifunza kuitika. Alimcheka mpaka akapaliwa.

Asubuhi hiyo msimamizi wa zamu, mama tuliyemwita Kamanda, alimjia na kumwambia saba imeitika.

"Imetaja joto gani?"

"La kwapa."

Kibiriti akasonya. Alidhani kuna visanduku viwili vimepewa namba moja, vinadakiana. Akapita akizima kimoja kimoja, moja mpaka sita. Vyote vikanyamaza. Saba ikaitika.

Ndipo akauliza kwa mzaha kama kuna mtu amejificha humo. Kamanda akamjibu kwamba ndiyo, yumo. Asubuhi amemtuma shemeji yake Kibiriti, kaka wa mkewe, akakwangue mafuta yaliyovunda kabla tangi halijauzwa kama chuma chakavu.

Mzaha ukamkaukia mdomoni. Bomba la mvuke la saba nalo hakuwa amelitenganisha na tangi. Amri ya zamani ilikuwa bado hai: saba ikisema imepoa, mvuke ufunguliwe. Na pale kwenye kioo cha kile kisanduku kikubwa saba ilikuwa inapoa. Polepole. Kama maiti.

Akaung'oa waya mkuu, ule uliounganisha visanduku vyote, kwa mikono miwili.

Saba ikaitika.

Kamanda akakimbilia koki kuu ya mvuke. Kibiriti akakimbilia tangi, nami nyuma yake. Samahani, mbele yake. Mafuta yalikuwa na rangi ya usaha, utando juu, nywele fupi zimeganda kwenye utando. Shemeji amezama hadi kiunoni. Hasogei. Mdomo wazi, ute wa manjano kwenye pembe za midomo.

"Lete mkono, bwana wee," Kibiriti akamwambia.

"Ngoja," akanong'ona. "Wanamwita."

"Wanamwita nani?"

"Huyu wa chini. Kila wakimwita ananikamata mguu. Anataka niitike mimi."

"Usiitike, shemeji. Usiitike."

Tukamvuta. Mafuta yakafyonza kama ndama anayenyonya. Akatoka. Kwenye kifundo cha mguu wake ulikuwa umejizonga ule waya ulioachwa tangini, na ncha yake ilikuwa imeota nyama. Laini. Ya waridi. Kama ufizi usio na meno. Ikafumbuka, ikafumba. Ikatafuta.

Kibiriti akaikata kwa koleo, akatapika kwenye viatu vyake. Nami nilitapika, ila kishujaa.

Kamanda hakuwahi koki. Mvuke ukapiga tangini, na kilichokuwamo kikalia. Kililia kwa sauti ya shemeji, naye shemeji amelala miguuni petu, mdomo umefungwa.

Namba saba ilifutwa mchana huohuo, tangi likachomelewa mfuniko. Shemeji tulimsugua kwa sabuni yetu wenyewe, kipande kizima, akatakata, harufu ikamwisha, akarudi kwa mkewe akalala.

Yote hayo ni kweli tupu. Moja tu nimelitunga, ili mpate usingizi: hilo la kutakata. Sabuni haikumtoa kitu. Mkewe hubadilisha foronya kila asubuhi, imeganda mafuta ya manjano, na kwenye mafuta mna nywele fupi ambazo si za mtu. Upande wa mto aliolalia huwa baridi. Wenye moto ni ule wa chini, usiolaliwa na mtu.