Pini, Mnyororo, Pua

Kwa maneno ya mama Fausta, mkokota, ile mashine ya kuvuta nyumba-tela, alilia. Alisimama kule juu Kitonga, pale barabara inapoanza kuinamia bondeni, akiwa na nyumba-tela ya watu wa Dodoma nyuma yake. Akakataa kwenda mbele, akakataa kurudi nyuma. Kisha akaita jina la mtu. Akanyamaza kama anayesikiliza, akaita tena, na machozi meusi yakamtoka kifuani yakatiririka mpaka mtaroni.

"Machozi au oili?" aliuliza Twilumba. Alikuwa amelala chali uani kwake, chini ya tela la mteja, akipaka grisi kwenye beringi za gurudumu. Kilichoonekana ni miguu yake tu.

"Oili, machozi, kwangu mimi ni mamoja. Yametoka mwilini."

"Mama Fausta, juzi ulituambia umeona chui amevaa kengele."

"Na alikuwa nayo! Lakini usinitoe kwenye njia, mwanangu. Hebu niulize ameita jina gani."

"Ameita nani?"

Mama Fausta, jirani ambaye kwa kawaida husema jambo kabla hajaulizwa, safari hii alichelewa kidogo.

"Wewe. Kwa sauti ya marehemu mumeo."

Mkono wenye grisi ukasimama juu ya gurudumu.

Miaka hiyo nyumba-tela zilikuwa zimejaa barabara zote za nyanda za juu. Watu wa mijini wakipata likizo hawakupanga tena chumba hotelini. Walichukua nyumba nzima, yenye vitanda, jiko na tangi la maji, wakaiunganisha kwa mkokota na kwenda kuangalia wanyama Ruaha. Mkokota mwenyewe alikuwa chuma kinene cha magurudumu sita, chenye kimo cha ng'ombe, kisicho na kiti wala usukani. Ndani yake mlikuwa na akili mnemba na kifaa kilichoitwa kipima-yumbo. Tela likianza kutikisa mkia, hata kwa upana wa kidole, mkokota alijua kabla ya mtu yeyote. Alipunguza mwendo bila kukanyaga breki zake, akabana kwa upole breki za tela peke yake, na mkia ukatulia. Ndiyo maana watu walithubutu kukaa humo ndani safarini. Mama alichemsha chai, watoto walicheza bao sakafuni, na mlima wa Kitonga ukapita dirishani kama picha.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani tela lilivutwa na gari la kawaida, akiwa mtu kwenye usukani, na kila aliyeshuka Kitonga alishuka amekaza meno. Dereva aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Lutengano Kikoti, mume wa Twilumba. Kampuni ilipotaka kuwafundisha wakokota kazi, ilimwajiri yeye. Ikafunga akili ya mkokota wa kwanza kwenye gari lake, isikie kila anachosema na ihisi kila anachofanya kwa mikono na miguu. Wakokota wote waliokuja baadaye walinakiliwa kutoka kwa huyo mmoja.

Twilumba alikuwa mtu wa nyuma. Lutengano alikaa kwenye usukani, yeye akasimama kwenye maungio, pale gari linaposhikana na tela, na kabla gari halijasogea waliitana.

"Twilumba, pini?"

"Imeingia!" Maana yake pini ya kufungia maungio imepita mpaka mwisho, na ameivuta kwa mkono kuihakikisha.

"Mnyororo?"

"Umepishana!" Minyororo miwili ya tahadhari ni lazima ikatane chini ya pua ya tela, ile ncha ya mbele inayoshikwa na gari, ili maungio yakichomoka pua iangukie juu yake isichimbe lami.

"Pua?"

Hapo aliinama, akaweka mikono chini ya pua na kujaribu kuinyanyua. Pua ikipanda kirahisi, mzigo umekaa nyuma mno, na tela la namna hiyo likishika mteremko hucheza mpaka limvute anayelivuta. Pua isiponyanyuka kabisa, gari litalemewa nyuma na magurudumu ya mbele yatakosa kushika barabara. Inatakiwa igome kidogo, kama mtoto anayeamshwa asubuhi.

"Nzito kidogo!"

"Haya, twende."

Waliitana hivyo kwenye baridi na kwenye vumbi, hata siku walizokuwa wamenuniana. Kuna wakati walivuka wiki nzima bila kusemezana nyumbani, lakini kazini pini iliulizwa na pini ikajibiwa. Lutengano alikuwa na msimamo wake: gari lisiloitikiwa haliondoki.

Miaka sita iliyopita tela lilimvuta mlimani likamwangusha bondeni; ikaokolewa akili ya mashine tu. Kampuni ikasema mzigo ulikuwa umepangwa nyuma wote, na kwamba ni uzembe wa dereva. Kwenye msiba, mjomba mmoja alitikisa kichwa mbele ya watu: "Fundi mzima, kushindwa kupanga magunia!" Twilumba alilisikia neno hilo akiwa amejifunika kanga, akalimeza. Siku ile hakuwa kazini. Lutengano mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Leo pumzika, mama. Safari yenyewe fupi." Basi kila alipofika kwenye pua ya tela, mwanamke huyu alijiuliza swali lile lile. Aliondokaje bila kuitikiwa?

Mama Fausta alikuwa hajamaliza kueleza rangi ya machozi wakati gari la kampuni liliposimama mlangoni. Akashuka injinia Gwamaka, kijana mrefu ambaye zamani alikula ugali nyumbani hapo mara nyingi.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Umepotea, Gwamaka."

"Kazi, shemeji." Alitazama buti zake. "Mkokota wa kwanza amegoma kule juu. Yule aliyefundishwa na kaka Lute. Tunamstaafisha baada ya safari hii, kwa hiyo jana tulianza kumsafisha akili. Tulimvua ile sauti ya kike ya kuwakaribisha wageni. Kumbe chini yake kuna tabaka la zamani kabisa, la kipindi cha mafunzo. Sasa anauliza maswali yenu yale. Tumemjibu sisi, amekataa. Anataka sauti yako."

"Niliwaambia!" mama Fausta alidakia. "Sasa nani mwongo hapa?"

"Maneno matatu tu, shemeji. Foleni ni ndefu, na kuna watoto."

Twilumba alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Akapanda gari. Mama Fausta akapanda pia, bila kualikwa.

Kule juu nyumba-tela zilikuwa zimesimama mstari mmoja mpaka kwenye kona, na barabara ilikuwa imebanwa na ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Watu walikuwa wameshuka. Wengine waliweka majiko kando, wengine walipiga picha. Wa kwanza alikuwa amesimama mbele ya wote, rangi imempauka, oili ikimdondoka tone moja moja. Twilumba alizunguka nyuma kama alivyozoea. Alipitisha kiganja kwenye tairi la tela, akaona nyufa ndogo ubavuni. Tairi lililokaa juani bila kutembea huzeeka hata kama meno yake bado mapya. Akagusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono, apate kujua kama kuna beringi inayoungua. Ilikuwa baridi. Alijua anachelewesha.

"Twilumba, pini?"

Haikuwa sauti inayofanana na ya Lutengano. Ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho nyakati za baridi. Akashika chuma cha maungio kwa mikono miwili.

"Imeingia," alisema. Akaivuta pini kwa mkono kuihakikisha. Akarudia. "Imeingia!"

Mngurumo wa mkokota ukabadilika, kama mtu aliyetambua hodi.

"Mnyororo?"

"Umepishana."

Watu wa foleni walipiga makofi, wakaanza kukusanya vikombe. Gwamaka akapumua. "Asante, shemeji. Bado moja."

Lakini Twilumba hakuinama kwenye pua. Alisogea ubavuni mwa ile mashine, pale palipokuwa na matundu ya kusikilizia, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya chumbani:

"Lute. Siku ile uliondoka nani kakuitikia?"

"Shemeji, huyo si mtu," Gwamaka alisema haraka. "Haelewi. Akisikia neno asilolijua anatafuta tu ndani ya kumbukumbu kile kinachokaribiana..."

Mkokota alikwaruza kooni. Kisha kumbukumbu yenyewe ikatoka, na upepo wa siku nyingine ukivuma ndani yake.

"Twilumba, pini?" ilisema sauti ya Lutengano. Kimya. "Twilumba, mnyororo?" Kimya. "Twilumba, pua?"

Kimya kirefu zaidi. Halafu kicheko kidogo cha mtu anayejicheka mwenyewe.

"Hayupo," ikasema sauti ile. "Nimemwacha nyumbani. Angeinyanyua hii pua angenipiga makofi. Mzigo wote tumeuweka nyuma."

Sauti ya pili, ya kijana, ikajibu: "Ndivyo tunavyotaka, kaka Lute. Lazima iyumbe kweli kweli. Mashine haiwezi kujua kuyumba kwa kuambiwa."

"Jana imeyumba. Juzi imeyumba."

"Wakubwa wanasema haikutosha. Wanataka ile ya mwisho kabisa, pale tela linapokaribia kushinda. Ukifika hapo achia mafuta, itakuwa imeshajifunza."

"Na nikichelewa kuachia?"

"Wewe? Kaka Lute, wewe hujawahi kuchelewa."

Kicheko tena, cha watu wawili. "Haya," ikasema sauti ya Lutengano. "Twende."

Kisha pakabaki upepo mtupu, na mashine yenyewe ikakata sauti.

Mama Fausta alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mtoto mmoja dirishani mwa nyumba-tela ya pili aliuliza kama tayari wanaenda, mama yake akamwambia nyamaza.

Twilumba hakumtazama Gwamaka mara moja. Aliitazama foleni. Nyumba zote zile, vitanda vyote vile, vikombe na watoto. Tangu wakokota waanze kazi, hakuna tela lililoanguka Kitonga. Kila mkia uliotulizwa mlimani ulitulizwa kwa kile mume wake alichohisi mikononi siku ile, sekunde kwa sekunde, mpaka mwisho. Waliichukua sekunde hiyo wakaigawa kwa mashine zote. Lutengano mwenyewe wakamwachia neno uzembe.

"Nilikuwa mgeni kazini," Gwamaka alisema. "Niliambiwa nikisema..."

"Ulikula kwangu wiki ile ya msiba."

"Ndiyo."

"Mjomba akasema fundi mzima ameshindwa kupanga magunia. Ulikuwa umekaa mkekani, karibu naye."

"Ndiyo, shemeji."

Nyuma kabisa honi ililia, ikadakwa na nyingine. Gwamaka alijifuta uso. Alipoongea tena aliongea polepole, kama anayemsomea mgonjwa majibu yake. "Akishuka hapa anakwenda karakana moja kwa moja. Tabaka hili ndilo la mwisho. Likifutwa leo, hakuna nakala. Hao wengine walichukua kazi tu, hawakuchukua maneno."

"Basi usimpeleke."

"Amri si yangu."

"Basi nakuomba kingine." Alimgeukia sasa. "Njoo nyumbani. Nitamwita mjomba, nitawaita na wale wote waliokuwepo. Usimame mbele yao useme ulichomwambia. Nikisema mimi wataona ni mjane anajifariji. Akisema mama Fausta..."

"Hawataniamini," mama Fausta alisema kwa unyonge ambao Twilumba hakuwahi kuusikia kwake. "Mimi na chui wangu."

Gwamaka aliangalia bonde, akaangalia gari la kampuni, akaangalia buti zake.

Honi zikazidi. Mzee mmoja mwenye kofia ya likizo alitoka kwenye foleni akaja kwa heshima, akasema mama samahani, tunakuelewa, ila tuna wagonjwa humo ndani na jua linapanda. Twilumba alimwitikia kwa kichwa. Alirudi nyuma, kwenye nafasi yake, kati ya mkokota na tela.

Mashine ilikuwa imeshatulia. Ikarudi pale ilipokatizwa.

"Twilumba, pua?"

Aliinama. Aliweka mikono chini ya pua ya tela, akanyanyua. Ikagoma, ikapanda kidogo, ikagoma tena. Watu wa Dodoma walikuwa wamepanga mzigo wao vizuri kabisa. Nzito kidogo, kama inavyotakiwa. Neno lilikuwa pale ulimini, lilishaondoka kinywani mwake mara nyingi hata hakuhitaji kulitafuta. Akilitoa tu, mkokota atashuka mpaka karakana, na sauti ile itafutwa.

Akaendelea kuinama, mikono chini ya chuma, midomo ameibana.

"Shemeji," Gwamaka aliita.

Upepo ulipanda kutoka bondeni ukapeperusha kanga yake. Mkokota alisubiri. Alifundishwa na mtu asiyeondoka bila kuitikiwa, na hakujua namna nyingine ya kuondoka. Alikohoa kile kikohozi kidogo cha baridi, akauliza tena, bila haraka wala hasira:

"Twilumba, pua?"