Ua Ambalo Hakuliona

Kila alasiri, baada ya kuvua sare na kula chakula alichoachiwa mezani, msichana alichukua daftari, rula na lenzi, akaenda nyuma ya stoo ya chuo.

Mjomba wake alikuwa mtunza mimea pale chuoni. Chumba chake kilijaa makabati ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na maelezo yake. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemharibia macho. Kabati aliliona, unywele hakuuona. Kwa hiyo mpwa wake, aliyeachwa kwake tangu mama yake aende kufanya kazi mbali, ndiye aliyemtazamia mimea.

Safari hii ulikuwa mmea wasioujua, ulioparamia uzio wa waya huko nyuma ya stoo.

"Shina lina manyoya," msichana alisoma siku ya kwanza.

"Manyoya ni ya kuku!" Mjomba alicheka. "Hayo yakoje?"

Alitazama tena. "Ni malaika, Mjomba, kama ya mkononi mwangu. Meupe, yamelala kuelekea chini."

"Ehee! Andika hivyo hivyo. Na ua likichanua, niambie rangi yake. Bila ua hatuwezi kuujua mmea huu."

Wiki tatu zikapita. Matumba yalitoka, yakanyauka, yakadondoka. Msichana alikaa peke yake juu ya tofali, akiwasikia wenzake wakiruka kamba upande wa pili wa ukuta wa chuo. Nyimbo zao alizijua zote. Wao jina lake hawakulijua. Walimwita Mgeni, ingawa alikuwa ametimiza mwaka mzima pale.

Siku moja kichwa kikachomoza juu ya ukuta. "We Mgeni! Tumepungukiwa mtu. Njoo ushike kamba!"

Tumba moja lilikuwa limeanza kufunguka. Alilitazama, akautazama ukuta, kisha akatoka mbio.

Aliporudi jua lilikuwa linazama, na tumba lilikuwa chini, limeliwa lote na wadudu. Aliogopa kusema. Akaandika harakaharaka: "Ua ni la njano, petali tano."

Mjomba aliyatuma maelezo yale kwa rafiki yake, mtaalamu wa mimea. Jibu lilipofika, msichana ndiye aliyemsomea.

"'Mimea yote ya aina hii ninayoijua ina maua meupe. Kama hili ni la njano kweli, huenda mmea wenu haujawahi kuandikwa popote. Nakuja mwezi ujao.'"

Mjomba alisimama. "Miaka thelathini nabandika mimea iliyogunduliwa na wengine! Hebu soma tena, mwanangu."

Alianza kusoma. Kisha akaishusha barua.

"Mjomba, sikuliona."

"Hukuona nini?"

"Ua. Nilikwenda kuruka kamba. Walikuwa hawajawahi kuniita."

Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, ingawa haikumsaidia tena.

"Uliruka vizuri?" aliuliza hatimaye.

"Niliikanyaga kamba mara mbili."

"Basi chukua karatasi. Mwandikie: rangi ya ua haikuonekana, asije bure."

Msichana aliandika huku machozi yakidondokea wino. Alipomaliza, akatia saini yake mwenyewe bila kuambiwa, akaipeleka barua posta kwa miguu.

Baada ya siku chache mtaalamu alijibu kwa mstari mmoja: anashukuru kwa kuambiwa ukweli mapema, naye atasubiri ua.

"Umesikia?" Mjomba alisema. "Kutojua si aibu. Pengo katika maelezo humwambia anayekuja nyuma yako, 'Hapa bado, tafuta.' Ukiliziba kwa uongo, unampoteza mtu ambaye hata humjui. Lakini nami nimekosa. Nilikukabidhi kazi ya macho yangu, nikasahau kwamba nawe una miguu ya kuruka kamba. Siku wakikuita, niambie tu. Nitakwenda kukaa mimi pale uzioni. Rangi sitaiona, lakini harufu ya ua bado naisikia, nami nitakuita kwa jina lako, kwa sauti, mpaka na wao walijue."